Nani Atamfundisha Mwalimu wa Kisomo?



Mwezi huu twawaomba mfungue Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, mstari wa 24 hadi 28. Humo twamkuta Apolo, mtu wa Iskanderia, msemaji hodari na mwenye bidii katika Maandiko. Aliyoyafundisha juu ya Yesu yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa na upungufu, kwa kuwa ubatizo alioujua ulikuwa ule wa Yohana peke yake. Prisila na mumewe Akila walikuwamo sinagogini wakimsikiliza. Hawa walikuwa mafundi wa mahema, watu wa kazi ya mikono. Wangeweza kusimama pale pale wakamsahihisha mbele ya watu wote. Hawakufanya hivyo. Walimpeleka kwao nyumbani, na huko wakamweleza yale yaliyompungukia.

Tumelichagua somo hili kwa sababu halmashauri ya parishi imekubali kwamba darasa la kisomo lianze tena baada ya mavuno, na vijana watatu wamejitolea kufundisha. Wengi wameuliza kama watu wazima watakuja. Sisi twauliza jambo jingine: hao vijana watatu watatunzwa na nani?

Twauliza kwa sababu tumewahi kumwangusha mmoja. Zamani kidogo, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tuliombwa kulitazama darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Manyoni. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Aliandika irabu tano ubaoni, akamwita bibi mmoja wa makamo ya mama zetu, akamtaka asimame azisome kwa sauti, kama afanyiwavyo mtoto wa darasa la kwanza. Bibi alikwama kwenye ya tatu. Watu wakacheka. Kijana naye akacheka kidogo, nadhani kwa aibu tu. Bibi akaketi, akajitanda khanga yake hadi machoni.

Sisi tuliokuwa nyuma hatukuvumilia. Tuliinuka, tukachukua chaki mkononi mwake, tukamwambia mbele ya wote kwamba watu wazima hawafundishwi hivyo. Kisha tukafundisha somo zuri sana. Tulirudi nyumbani tumeridhika. Juma lililofuata bibi hakuja, na mwalimu pia hakuja. Ilituchukua siku kadhaa kuelewa kwamba tulimtenda yeye jambo lile lile alilomtenda bibi.

Tulimfuata kwao, tukamkuta akifyatua matofali, tukamwomba radhi. Alirudi baada ya mwezi mmoja. Bibi hakurudi kamwe. Hadi alipofariki alikuwa akitia dole gumba, na mjukuu ndiye aliyemsomea barua zake zote, hata zile ambazo mjukuu hakupaswa kuzijua.

Msidhani mambo hayo yamepita. Leo mama auza alizeti yake, fedha zinaingia kwenye simu, naye anampa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri ili amsomee zimeingia kiasi gani. Mwingine auza vitunguu kwa lumbesa kwa sababu hajui kuusoma mzani. Kuna wazee wa kanisa letu wanaoshika kitabu cha nyimbo kila Jumapili nao wanaimba kwa kukariri. Hatuwataji, nao wanajijua.

Wakubwa wenzetu mtakumbuka mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Jioni tuliwaona wazazi wakijibana kwenye madawati yale yale tuliyoyaacha mchana, na watoto watundu (nasi tulikuwamo) wakawazomea kwa jina la ngumbaru. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama 67 katika kila 100. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 uliwakuta 39, na ule wa 1986 ukawakuta chini ya 10. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wenye vyeti peke yao. Wengi waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea, waliomaliza shule ya msingi tu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kwa semina fupi tu, nao waliambiwa wasihutubu. Kazi yao ilikuwa kuwasha redio, kusoma kijitabu pamoja na wenzao, kisha kuwauliza wanakikundi: hapa kwetu hali ikoje, na tufanye nini? Vyoo vikachimbwa. Miaka ya 1980 uchumi ulipokuwa mgumu, posho na vitabu vilipungua, watembeleaji wakaacha kupita, madarasa mengi yakafa, na wasiojua kusoma wakaongezeka tena.

Sisi twaona kwamba kukosekana kwa mtembeleaji kuliumiza kuliko kukosekana kwa posho. Huenda wengine watatupinga, hasa waliokuwa wakiingoja posho yenyewe. Lakini mwalimu wa kujitolea akiachwa peke yake hurudia njia moja tu anayoijua, yaani ile aliyofundishwa nayo akiwa mtoto: simama, soma, keti. Hana nia mbaya. Hajaona njia nyingine.

Basi anayemtunza mwalimu afanye nini? Akae nyuma, kwenye kiti kile kile wanachokalia wanafunzi, na chaki asiiguse. Atazame nani amenyamaza tangu mwanzo, nani anachungulia daftari la mwenzake, nani ametoka mapema na kwa nini. Darasa likiisha asitangulie kusema. Atembee na kijana njiani, amwulize, “Mwanangu, leo uliona nini?” Mara nyingi kijana mwenyewe atalitaja kosa lake, na likitoka kinywani mwake haliumi. Kisha ataje jambo moja alilolifanya vema, liwe la kweli, kwa maana vijana huzitambua sifa za bure. Na jambo la kurekebisha liwe moja. Sisi tulizoea kuandika makosa 12 katika daftari la mwanachuo, naye alikuwa hatekelezi hata moja.

Juma linalofuata watayarishe somo pamoja, huko huko nyumbani, kama Prisila. Badala ya irabu, waanze na neno ambalo mama amekuja nalo kutoka sokoni: mzani. Waulizwe kwanza wanafunzi wanalijuaje, nani amewahi kupunjwa, kilo ngapi. Wakishazungumza, ndipo neno liandikwe na kukatwa silabi: m-za-ni. Siku hiyo hatalazimishwa mtu kusimama.

Tena tazameni mstari wa 27. Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha kwa wanafunzi wa huko. Waliosahihishwa kwa siri wasifiwe hadharani. Twamwomba Mchungaji awaite vijana wetu mbele Jumapili moja, awaombee, ili wazee wajue kwamba kanisa ndilo lililowatuma.

Darasa litaanza Jumatano ya kwanza ya Julai, saa 10 jioni, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Twahitaji watu watatu wa kukaa nyuma, mmoja kwa kila kijana. Si lazima awe amesomea ualimu. Atakayekubali amwambie katekista kabla ya Pentekoste, na siku ya kwanza aje na kigoda chake, kwani mabenchi yaliyopo hayatawatosha wanafunzi.