Tuwe kama Watoto, au Tuache Utoto?



Katika darasa la Biblia la kina baba liliulizwa swali ambalo hatukulimaliza siku ile. Katika Mathayo 18 Bwana Yesu anatutaka tuwe kama vitoto, la sivyo hatutaingia katika ufalme wa mbinguni. Paulo naye, katika Wakorintho wa Kwanza 13, anasema alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Tumfuate nani? Mzee mmoja akaongeza: "Sisi wakimbizi ni watoto tayari. Tunapangwa foleni, tunapimiwa chakula, tunaitwa majina kutoka kwenye karatasi. Mchungaji asituambie tuwe watoto zaidi."

Neno hilo lina uzito. Mtu aliyekuwa na shamba lake au duka lake, leo anainua kadi apewe mgao, na tangu Aprili 2020, mgao ulipopunguzwa kwa asilimia 30, ameona ukipunguzwa tena na tena bila kuulizwa. Huko ni kufanywa mtoto, na sivyo alivyosema Bwana. Mtoto hula mkononi mwa mtu anayemjua, tena akinyimwa hulia palepale mbele ya aliyemnyima. Sisi tukinyimwa hunyamaza, kisha jioni tukaimalizia hasira nyumbani, kwa mke na kwa sufuria. Hapo tumekosa heshima ya mtu mzima na uhuru wa mtoto, vyote viwili.

Watazameni watoto wetu wa hapa Kiryandongo wakicheza. Mbali na mpira wa juala na kuruka kamba, wana mchezo wao wa foleni. Mmoja huwa mkubwa wa ofisi, wengine hushika vipande vya boksi kuwa kadi, na mkubwa huwagawia mchanga kwa kopo. Akimpunja mmoja, wote wanacheka, na yule aliyepunjwa ndiye anayekuwa mkubwa zamu inayofuata. Foleni ni ileile inayotuinamisha sisi. Wao wameigeuza, wakaitawala. Tunadhani hapo kuna jambo ambalo Yesu alikuwa analionyesha alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi waliokuwa wanabishana nani mkubwa.

Lakini kuna wale ambao hawakupata kucheza. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, maelfu walivuka mpaka Busia na Malaba katika Januari 2008, na wengi wakakaa kwenye maturubai ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa huku mwaka uleule. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Aliyevuka akiwa na miaka minane, akimbeba mdogo wake mgongoni, sasa ni mzazi katika kanisa hili. Alikuwa mtu mzima kwa usiku mmoja.

Linganisheni na majirani wa mpaka ule. Asubuhi isiyo na mawingu, kutoka Tororo mlima Masaba, tunaouita pia Elgon, huonekana upande wa kaskazini mashariki. Wamasaba wa mlima huo hutahiri vijana wao miaka inayogawanyika kwa mbili, na 2008 ulikuwa mwaka kama huo. Kijana husimama mbele ya watu bila kutikisika. Mambo yote ya desturi ile hatuyatetei hapa, ila tuone hili: huandaliwa mapema, ndugu humzunguka, huimbiwa, na baadaye huuguzwa. Utoto wake anauweka chini yeye mwenyewe mbele ya mashahidi. Watoto wetu walinyang'anywa wa kwao barabarani, na hakuna aliyewaimbia.

Paulo aliacha mambo ya kitoto kwa hiari. Kilichonyang'anywa hakijaachwa, na mwenyewe huendelea kukitafuta bila kujua. Ndiyo maana mama fulani kijana anamwona binti yake akicheza cha mama na cha baba, na hasira inampanda asijue imetoka wapi. "Mimi umri wako nilikuwa nachota maji ya nyumba nzima!" Ni kweli alichota. Lakini anayesema pale ni yule mtoto wa miaka minane anayemwonea mwenzake wivu. Dada, usimkaripie mtoto huyo aliye ndani yako, wala usione haya kumlilia. Wengi wetu tumeuita ugumu huu ukomavu. Embe likikomaa likaiva, hulainika.

Kuhusu Paulo na Bwana wake, jibu limo katika waraka uleule, sura ya 14 mstari wa 20. Paulo anawataka Wakorintho wawe watu wazima katika akili, na kwa habari ya uovu wawe watoto wachanga. Basi akili ya kupanga, kulima na kusomesha tubaki nayo, hata foleni ituambie vingine. Cha kurudi utotoni ni moyo. Watoto si malaika, tunawajua. Hupigana na huibiana maembe. Lakini ugomvi wa asubuhi haufiki jioni, na hawaulizani kabila kabla ya kugawana kamba. Waliochoma nyumba mwaka ule walikuwa watu wazima, na kabila la jirani walilijua vizuri.

Kila Jumamosi saa kumi, uwanja ulio nyuma ya kanisa utakuwa wa wazazi pamoja na watoto wao, Wakenya, Wasudani Kusini na Wakongo. Kamba zipo, mipira watoto wanaifunga wenyewe. Kina mama wachache wameanza kuruka. Kina baba wanasema watakuja kutazama tu, nasi tumewaambia mabenchi yapo.