Mbegu Itokayo Darini
(Zaburi 126:5-6)



Mwezi wa Machi, mawingu ya masika yaanzapo kuufunika mlima Kilimanjaro, sisi tukaao vihambani twashuka na jamaa zetu mpaka mashamba ya tambarare, kupanda mahindi na maharagwe. Wengine hupanda gari, wengine huenda kwa miguu. Watoto hutangulia mbio na ndizi zao za kuchoma, kwa kuwa kwao siku hiyo ni sikukuu. Nayo iwe hivyo. Hatuwasifu wazazi wawaachao watoto nyumbani wakisema watasumbua kazi. Mtoto asiyeona mbegu ikifukiwa atajuaje ugali watoka wapi?

Mwaka mmoja mtoto wetu mdogo alitazama kapu la mahindi, akatazama shimo, akauliza, "Baba, mbona twatupa chakula?" Asubuhi ile alikuwa amekunywa uji mwepesi, maana mavuno ya Agosti yalikuwa karibu kwisha darini. Mama yake hakumjibu. Akafukia shimo kwa mguu, akaenda kwenye shimo la pili.

Tangu hapo twaisoma Zaburi ile kwa namna nyingine. Kwa nini mpanzi alie? Jembe huchosha, lakini halimlizi mtu mzima. Twaona analia kwa sababu alichobeba ni chakula cha wanawe, na kila punje aiangushayo ingalikuwa uji wa jioni. Siku hizi wengi hununua mbegu za dukani zilizotiwa dawa, ambazo hazifai kuliwa. Lakini fedha iliyozinunua ingalinunua unga, basi machozi ni yale yale.

Waisraeli walipanda baada ya mvua za kwanza, kama mwezi wa Oktoba na Novemba, na Pasaka ilipofika shayiri yao ilianza kuiva, wakampelekea kuhani mganda wa kwanza. Kwetu sivyo. Pasaka yatukuta mahindi yangali machanga, pengine yamo udongoni bado, na dari ni tupu. Habari ya kaburi lililo wazi twaisikia tukiwa bado wapanzi, wala si wavunaji.

Na Bwana wetu aliponena habari ya chembe ya ngano ifayo katika nchi (Yohana 12), alijua mazao yatakuwa mengi; hata hivyo papo hapo alikiri kwamba roho yake imefadhaika. Hakuyacheka machozi ya mpanzi. Kwa hiyo haitupasi kumwambia mwenye njaa, "Amini tu, panda," kisha tukapita zetu.

Maana wako kati yetu waliokwisha kula mbegu. Hawasemi, kwa aibu. Utawajua kwa shamba lao lisilolimwa, na majirani huwaita wavivu. Huyo ni mjane mwenye wajukuu watano, au mtu aliyeuguliwa na mkewe tangu Januari. Watoto walilia usiku, naye akafungua mfuko wa mbegu. Nani katika sisi asingefanya vile?

Mvua haingoji. Apandaye mwishoni mwa Aprili, mahindi yake hukutwa na jua yakitoa mbelewele. Basi wazee wa kanisa wasingoje mkutano wa mwezi ujao. Wapite nyumba kwa nyumba juma hili, waulize kwa upole, na mwenye vibaba viwili vya mbegu vilivyosalia avipeleke jioni, kabla hajaulizwa.