Kinubi na Mkuki

Kitabu cha Kwanza cha Samweli chasimulia jinsi Daudi alivyompigia mfalme Sauli kinubi, na mfalme akapata nafuu. Mara nyingi sisi wahubiri twaishia hapo. Lakini kisa chaendelea. Daudi alimwoa Mikali, binti Sauli. Kisha siku moja, kinubi kingali mkononi mwake, baba mkwe wake alimrushia mkuki. Daudi akaukwepa, na usiku ule Mikali akamteremsha dirishani, akakimbia.

Basi, ewe mama uliyeachiwa watoto, au uliyelazimika kukimbia nao, jua ya kuwa wimbo mtakatifu haukuamuru kurudi penye mkuki. Kazi yake ni nyingine. Kichwa cha Zaburi ya 59 chautaja usiku huo, nyumba ya Daudi ilipolindwa na watu waliotumwa kumwua. Zaburi hiyo yaanza kwa kilio, yaisha kwa kuimba, na katikati hasira haikufichwa mbele ya Mungu. Kwa hiyo haifai kuwanyamazisha watoto wenye majonzi kwa nyimbo za furaha tu.

Jioni, baada ya Rozari, imbeni zaburi ya kilio pamoja na ya shukrani, kila mtu kwa sauti aliyojaliwa, hata ikiwa kama ya chura (nyumbani hakuna mwalimu wa kwaya). Mtoto asiyesema lolote tangu baba yake aondoke, pengine ataanza kwa kuimba kiitikio. Asipoimba, asihimizwe, na akae karibu na mama yake, asikilize.