MAMA KUMSOMESHA MTOTO NYUMBANI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya, mama mmoja wa upande wa Meru alitujia baada ya darasa, naye ana huzuni. Alitueleza kuwa binti yake wa miaka kumi alimwuliza walipokuwa wakipalilia maharagwe: "Mama, sisi twaswali, na majirani zetu hawaswali. Mbona mvua yanyesha kwao kama inyeshavyo kwetu?" Mama akamkemea: "Nyamaza, usikufuru!" Mtoto akanyamaza, na tangu siku ile hakuuliza tena neno lolote la dini. Mama akadhani kuwa maneno hayo ameyaokota skuli, akaazimia kumtoa huko, amsomeshe mwenyewe nyumbani, asisikie ya mtu mwingine. Akatuuliza: Je! jambo hili lafaa?

Tumeona vyema kulijibu hapa, kwani wazazi wengi wa Meru na Embu wamo katika hali yake. Huku kwetu Waislamu ni wachache, na skuli nyingi za zamani zilianzishwa na misheni. Hofu ya mama huyu, basi, si upuuzi, wala hatumcheki.

Kwanza twasema: kumsomesha mtoto nyumbani ni jambo jema, tena ni wajibu. Katika Sura ya Tahrim waumini wameamrishwa wajikinge nafsi zao na watu wao na Moto, na wanavyuoni wameeleza kuwa kuwakinga ni kuwafundisha na kuwatia adabu. Nyumba ni chuo cha kwanza, apende mama asipende. Hapa pwani yetu twamjua Mwana Kupona binti Mshamu, wa visiwa vya Lamu, ambaye kiasi cha mwaka 1858, naye ni mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Yeye hakungoja mwalimu aje amfunzie mwanawe. Alishika kalamu mwenyewe.

Lakini na tumtazame mama mwingine, mama wa Imamu wetu Shafi. Mumewe alikufa, akamwachia mtoto mdogo katika mji wa Gaza, wala hana mali. Je! alimfungia ndani? La. Alimchukua akasafiri naye mpaka Makka, akamtia mikononi mwa walimu, hali hana hata ujira wa kumlipa mwalimu wa chuo. Nyumbani alimpa moyo wa kutafuta elimu, kisha akamfungulia mlango. Hapo ndipo penye tofauti. Kuna kumsomesha mtoto nyumbani ili elimu yake izidi, na kuna kumweka nyumbani ili maswali yake yapungue. La kwanza ni malezi. La pili ni kifungo, ijapokuwa mwenye kufunga ni mama mwenye mapenzi.

Na tena, lile swali lenyewe lina ubaya gani? Nabii Ibrahimu (A.S.) alimwomba Mola wake amwonyeshe vipi ahuishavyo wafu. Akaulizwa kama hakuamini, akajibu kuwa ameamini, ila ataka moyo wake utulie. Hakuambiwa anyamaze, alionyeshwa. Basi ikiwa Nabii aliuliza, mtoto wa miaka kumi atakatazwaje?

Jambo la ajabu zaidi ni kuwa swali la binti huyu lina jawabu yake ndani ya Kurani, katika Sura ya Baqara, aya ya 126. Nabii Ibrahimu aliuombea mji wa Makka, watu wake waruzukiwe matunda, lakini akawataja walioamini tu. Mwenyezi Mungu akamjibu kuwa hata aliyekufuru atamstarehesha kwa muda mchache hapa duniani, kisha hesabu iko mbele. Kwa hivyo mvua si mshahara wa swala. Mvua ni rehema ya Muumba kwa viumbe vyake vyote, na swala ni shukrani ya mwenye kujua rehema hiyo yatoka kwa nani.

Jawabu hii haikuwa mbali na mama yule. Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliifasiri Kurani nzima kwa Kiswahili, ikapigwa chapa Nairobi mwaka 1969. Na kabla yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake *Al-Islah* huko Mombasa mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasome, na watoto wao wa kike wasome. Masheikh hawa walijitaabisha ili dini ifahamike kwa lugha tuisemayo. Ni khasara kubwa msahafu kufungwa kwa kitambaa juu ya kabati, na chini yake mtoto akemewa kwa kuuliza lililomo ndani.

Na akina baba wasidhani kuwa hawamo. Baba huondoka alfajiri, na jioni huimaliza barazani, mtoto akikosea, humwambia mkewe, "Mtoto wako huyu." Mama achote maji, apike, alime, kisha awe mwalimu peke yake! Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa swala ufike. Na mwenye kupata fedha ya miraa kila siku hakosi fedha ya kitabu kimoja kwa mwezi.

Jawabu yetu, basi, ni hii. Binti na abaki skuli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi hivyo, na maslaha ya mtoto yataka hivyo. Na mama awe na darasa yake nyumbani kila jioni, ijapokuwa ni nusu saa, asome pamoja na mwanawe. Lakini kabla ya kufungua kitabu, amwambie: "Mwanangu, nilikosa kukukemea. Jawabu sikuijua. Njoo tuitafute." Aonaye aibu kusema "sijui" mbele ya mtoto wake na akumbuke kuwa Imamu Malik aliulizwa masala mengi, na mengi katika hayo alijibu kuwa hajui, wala heshima yake haikupungua.

Mtoto aulizaye bado ataka kujua dini yake. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za elimu. Amin.