Mama wa Mlimani na Namba 115

Bikira Maria alipopata habari ya kuwa jamaa yake Elizabeti ni mjamzito, hakutosheka na kumpelekea salamu. Alishika njia kwa haraka, akapanda nchi ya milima, akakaa naye yapata miezi mitatu. Habari hiyo ya Injili ya Luka twaijua sote. Leo twapenda kuitafakari pamoja na familia za milima ya Uluguru.

Kule Kolero, Mgeta na Kinole mteremko ni mkali, na wakati wa masika tope huyashinda magari. Tangu zamani vijana huwabeba wagonjwa kwa machela mabegani, nayo ni huruma ya kweli. Lakini mama avujaye damu baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa chache. Hawezi kungoja mpaka gari litafutwe na nauli ichangwe.

Kwa ajili ya hatari hiyo uko mpango uitwao m-mama, ulioanza kwa majaribio Shinyanga na Sengerema. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuueneza nchi nzima. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Mhudumu huuliza dalili, kisha huita gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa njia ya simu. Wasaidiwao ni wajawazito, mama waliojifungua karibuni, na watoto wachanga.

Uchunguzi wa taifa wa 2015–16 ulikadiria vifo vya mama wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Mambo mengi yamechangia, nasi twamshukuru Mungu. Hata hivyo, kila mmoja wa hao 104 ameacha nyumba yenye kilio.

Basi, kizuizi ki wapi? Mara nyingi simu imo nyumbani, ila ujasiri wa kuitumia haumo. Bibi aona haya kuuliza. Mama aogopa kukosea, au kukemewa na sauti asiyoijua. Baba adhani kila jambo la simu ni utapeli. Hofu hizo si upumbavu, kwa maana matapeli wapo kweli. Kijana amchekaye bibi yake kwa kutojua simu amfunga kinywa, na siku ya hatari bibi huyo hatauliza tena.

Enyi vijana, yawapasa kuwafundisha wazee wenu kwa heshima. Keti na bibi jioni, umwachie simu mkononi mwake. Aandike 115 mwenyewe, aifute, aandike tena, pasipo kuipiga kwa mchezo. Ajizoeze kutamka jina la kijiji, zahanati iliyo karibu, miezi ya mimba na dalili alizoziona. Tena, kwa kuwa Waluguru hufuata ukoo wa mama, mjomba naye afundishwe, maana neno lake lina uzito. Mahali ambapo mtandao hufifia bondeni, familia yote ijue mapema ni kilimani wapi simu hushika.

Wafundisheni pia kujilinda. Mhudumu wa afya hana haja ya kujua namba ya siri ya fedha zenu. Aiulizaye ni mwizi. Naye asomaye ujumbe wa mgonjwa asiyejua kusoma ameaminiwa jambo kubwa: asilitangaze kisimani wala kilabuni.

Wala tusidanganyike kwamba simu yatosha. Mama aende kliniki tangu miezi ya mwanzo, na nyumba iweke akiba kidogo. Simu ni mlango tu. Aponyaye ni Mungu, kwa mikono ya waganga na wakunga.

Tuwakumbuke wale watu wanne waliomchukua mwenye kupooza. Walipoona mlango umesongwa na watu hawakurudi nyumbani, bali walitoboa dari wakamshusha mbele ya Yesu. Hawakuwa waganga, lakini Bwana aliitazama imani yao. Kila familia yetu iwe na watu kama hao. Juma hili, kabla ya Dominika ijayo, kila nyumba yenye mjamzito ihakikishe kwamba watu wawili walau, mmoja wao akiwa mzee, waweza kuipiga namba hiyo bila hofu.