Kibao cha Mlangoni

Hapa Dodoma "Mirembe" ni jina la hospitali, na ni tusi pia. Mtoto akifanya vituko anaambiwa atapelekwa Mirembe. Mpenzi akinuna bila sababu, katoroka Mirembe. Hospitali hiyo ya taifa ya afya ya akili ipo tangu enzi za Mwingereza, na wengi wametibiwa pale wakarudi makwao wazima. Utani haujali hilo.

Nilikumbuka jina hilo mwaka jana huko Mpwapwa, kilomita 120 hivi kutoka Dodoma mjini, nilipoalikwa kwenye kikao cha watu saba kuhusu chumba cha ushauri kwa vijana. Chumba kilishapatikana, kando ya dirisha la dawa. Fundi alishaandika kibao: HUDUMA YA AFYA YA AKILI KWA VIJANA. Tulidhani kimebaki kukipigilia tu.

Kijana wa bodaboda, aliyeitwa kuwawakilisha wenzake na kukaa kimya tangu chai, akasema: "Mimi nikikaa kwenye benchi lile asubuhi, saa saba mama anaulizwa sokoni mwanao ana nini."

Tukabishana saa nzima. Mimi nilikuwa upande wake: kibao kiondolewe. Nesi, mama wa makamo, akanikatalia. "Mwanangu, tukikificha, tumekiri wenyewe kwamba ni aibu." Akakumbusha watu waliopanda basi kwenda kuchukua dawa za VVU mji mwingine ili jirani asiwaone. Nauli ikikosekana, dozi inakatika.

Hoja yake sijaweza kuivunja mpaka leo. Ninachouliza ni nani analipa. Unyanyapaa utapungua wengi wakionekana wakiingia mlango ule bila haya, sawa. Lakini wa kwanza kuonekana atakuwa binti wa kidato cha tatu ambaye wiki ya pili halali, na hakuna aliyemwomba ruhusa ya kumtanguliza vitani. Kumdai mgonjwa ujasiri kama kiingilio cha kutibiwa naona ni dhuluma, hata nia ikiwa njema. Tena kwetu ana la ziada la kuogopa: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinakiuka katiba. Sisi tunamwambia kijana afunguke huku sheria ikimshauri anyamaze.

Nikawasimulia habari za Harare. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya basi kumfuata hospitali. Mwaka 2006 akaanza kuwafundisha bibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwanzoni aliliita benchi la afya ya akili, watu wakalikwepa. Bibi wenyewe ndio waliomwambia alibadili jina, liwe Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na benchi liko nje, kila mpita njia analiona! Hawakumficha mtu. Waliondoa hukumu iliyokuwa imeandikwa juu ya kichwa chake, kwa sababu anayekaa na bibi anaweza kuwa anaongelea ada, mume, au mvua. Nasi Kiswahili kimetupa neno la aina hiyo: kusema fulani "ana mawazo" si kumtukana. Nikapendekeza tuandike hivyo, au tusiandike kitu.

"Na huyo bibi wa hapa kwetu," akauliza yule wa bodaboda, "si ndiye anayeimba kwaya na mama?"

Tulicheka. Nesi hakucheka. Alikivuta kibao mezani, akafuta vumbi kwa kiganja, akaniuliza: "Na mzazi wa Kibakwe anayemleta mwanawe usiku, hajawahi kufika hapa, atajuaje mlango ni upi?"