Uhai na Uhuru

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 14, yampa kila mtu haki ya kuishi. Katika nchi ya Shinyanga na Geita haki hiyo ilitiwa bei. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino, na wengi wao watoto, waliuawa au kukatwa viungo, kwa kuwa wapiga ramli waliwaaminisha watafutao dhahabu kwamba viungo hivyo huvuta utajiri. Mwaka 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu waliomwua mtoto. Mwaka 2015 serikali ilikataza ramli. Watoto wengi walikuwa wamekwisha kusanywa Buhangija, mjini Shinyanga, wakalindwa nyuma ya ua.

Uhai wao ulihifadhiwa, lakini kwa thamani gani? Mwuaji alitembea sokoni. Asiye na kosa alifungiwa ndani, mbali na mama yake. Wako wasemao kuwa maiti hana haja ya uhuru. Neno hilo ni kweli, ila ni kweli ya siku ya hatari. Likidumu miaka, ulinzi hugeuka kifungo, na jirani husahau kwamba deni la kumlinda mtoto yule lilikuwa lake. Baadhi yao, hata jamaa zao waliacha kuja kuwatazama.